Bakuli la Supu ya Ugoeze

Dada yangu Ugoeze alijifungua Juni, na Agosti kuna mkutano wa wanawake. Sisi watu wa mji wa Aba tunaujua: kila aliyeolewa anarudi kijijini kwa mumewe, wote sare moja, na macho ya wanawake hayana huruma. Blauzi ya sare ya dada, fundi aliishona kwa vipimo vya kabla ya mimba. Akaijaribu, zipu ikagoma katikati.

Mama alikuwa amekuja kumlea mzazi. Asubuhi anamkanda tumbo kwa maji moto, kisha anampikia supu ya viazi vikuu na samaki mkavu, pilipili ya kutoa jasho, maziwa yashuke.

"Supu hii ndiyo inakuvimbisha," Nwakaego akamnong'oneza. Huyu ni shoga yake tangu utotoni, wameolewa kijiji kimoja, na mjini ni majirani. Naye alikuwa ananyonyesha, lakini kiuno kama hajawahi kuzaa. "Mimi nilikunywa majani haya tu. Kunywa, kula acha."

"Mama akiuliza?"

"Mama niachie mimi. Shoga wa nini basi?"

Ikawa Mama akienda sokoni, Nwakaego anaingia, anamaliza bakuli. Mama akirudi analikuta jeupe. "Hivyo ndivyo mzazi anavyokula!"

Dada alipungua kweli. Chooni haishi, kizunguzungu juu. Mtoto akawa analia na titi mdomoni. Kliniki wakampima: uzito umeshuka.

"Unakula nini, mama?" nesi akamuuliza dada.

"Anamaliza bakuli zima!" Mama akajibu kwa fahari.

"Mbona mtoto halioni hilo bakuli?"

Hapo dada akasema yote. Nesi akatikisa kichwa. "Majani hayo tupa leo. Kula ushibe, kunywa maji, mnyonyeshe kila akitaka. Ukipata nguvu, tembeatembea. Mwili utapungua wenyewe, polepole. Ukijinyima, anayeumia ni huyu."

Njiani dada bado anamtetea shoga. "Hakujua, Mama. Yeye mwenyewe aliyanywa."

Kesho yake Mama akapika, akachukua kikapu kama anakwenda sokoni, akaishia getini, akarudi. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nwakaego alikuwa anafyonza mfupa wa samaki.

"Na majani yako, binti yangu, hunywi?"

Nwakaego akaweka bakuli chini. "Yaliniharisha, Mama. Nilionja mara moja nikaacha. Mtoto wangu anataka maziwa."

"Na wangu?" dada akauliza.

Dada akachukua bakuli, akakomba kilichobaki, akalia huku anakula.

Agosti alikwenda mkutanoni. Fundi alimwongezea vipande vya kitambaa ubavuni, rangi haikulingana, wanawake wakacheka chini chini. Nwakaego akapigapiga kiti kilicho kando yake. "Ugo, njoo, nimekuwekea."

Dada akapita kama hakusikia. Akakaa chini, kwenye mkeka wa wakwe, akafungua blauzi. Mtoto akanyonya mpaka maziwa yakamtiririka shingoni.