Bei ya Mwaka Jana

Agripina alikuwa mchuuzi wa nguo za watoto, na Guangzhou nzima hapakuwa na mtu mwenye mdomo kama wake kwenye kupunguza bei. Akitokeza tu Zhanqian Road, wenye maduka wengine walijifanya wanaongea na simu. Kichina chake kilikuwa maneno matatu: laoban, yaani bosi, tai gui, yaani ghali mno, na bai-bai, ambalo alilisema akiwa ameshageukia mlango. Hilo la mwisho lilishusha bei kuliko hayo mengine yote.

Mimi Chacha nilikuwa mwanafunzi wa kompyuta, nimeletwa na serikali kusoma, si kubeba marobota ya watu. Lakini nani aliniuliza? Agripina alikuwa ananipikia ndizi na nyama kila Jumapili chumbani kwake Xiaobei, na mtu akishakulisha ndizi huku ugenini, umekwisha.

Mwaka 2007, mwezi wa kumi na moja, akaniambia twende soko la kompyuta la Gangding.

"Da Agripina, kule hawauzi magauni."

"Nani kasema magauni? Kadi za Thomas."

Thomas alikuwa na chumba cha magemu Sinza, Dar es Salaam. Kompyuta zake nane zilikuwa zimechoka, gemu mpya zinakwamakwama, na vijana wote walikuwa wamehamia kwa mshindani wake ng'ambo ya barabara. Akamkabidhi Agripina akiba yake yote amnunulie kadi nane za picha, zile zinazochomekwa ndani ya kompyuta ili gemu litembee laini, zifike kabla shule hazijafungwa. Zisipofika, anafunga chumba, anarudi Same kulima tangawizi na baba yake. Agripina alinisimulia habari hii mara nyingi kupita kiasi, na kila akifika kwenye "Same" sauti ilikwama kuliko zile kompyuta. Nikaelewa. Thomas hakuwa mteja tu.

Bosi wa duka la Gangding alikuwa anakula tambi. Akataja bei bila kuacha kutafuna.

"Mwambie arudie," Agripina akasema. Akarudia. "Kha! Mwaka jana kadi nzuri ilikuwa nusu ya hii! Imeota meno ya dhahabu?"

Bosi akachomoa boksi lenye vumbi. Kadi ya mwaka jana hiyo, imeshuka sana.

"Si hiyo basi!"

"Hiyo haiwezi gemu za mwaka huu, dada," nikamwambia.

"Kwa hiyo vitu vya kompyuta vinapanda bei au vinashuka?"

"Vinashuka. Cha zamani kinashuka, halafu kinakuja kipya cha ghali."

"Basi vinapanda."

"Vinashuka! Ukilinganisha na kazi kinayofanya..."

"Chacha, kitu kizuri mwaka jana bei gani? Mwaka huu je? Haya, vimepanda. Wewe umesoma mpaka umechanganyikiwa."

Jamani, nilipandwa na hasira! Nikamweleza habari za kasi na kumbukumbu na viwanda, mishipa imenitoka shingoni, mpaka bosi akanisogezea kigoda nikae. Agripina hakusikia hata neno. Alikuwa ameshaanza bai-bai yake. Akaondoka mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu akafika kabisa kwenye ngazi. Hakuna aliyemwita. Akarudi mwenyewe, midomo imebana, akalipa. Hela ya Thomas ikaishia palepale, hata ya kusafirisha haikubaki.

"Usimwambie Thomas," akasema njiani. "Ya kargo nitajua mwenyewe."

Jumapili nikaenda kula ndizi zangu. Agripina amechangamka, anaimba. Akatua birika la chai mezani, juu ya kidude cha shaba chenye mapezi mengi membamba na kifeni pembeni.

"Hiki nini?"

"Kizuri, eh? Vilikuwa vinane. Kimoja nimempa Domina hapo jirani."

Sasa mjue, wachuuzi wanaotuma mzigo kwa ndege hulipa kargo kwa kilo. Viatu huondoka bila maboksi, magauni bila henga za kutundikia, na Agripina alikuwa anakata hata vibao vya bei. Basi alikuwa amekaa na bisibisi, akang'oa kwenye kila kadi kile alichokiona ni uzito wa bure.

"Zaidi ya kilo tatu nimeokoa!" akasema. "Kadi si lile bapa tu? Haya mavyuma ni urembo."

"Mungu wangu! Hiki ndicho kinachoipoza! Bila hiki kadi inaungua hata gemu halijafunguka!"

"Inaungua vipi, na ni ya picha tu?"

"Inaungua, dada! Moshi! Harufu!"

Akakaa chini. "Thomas ameshatangaza," akasema polepole. "Amebandika mpaka matangazo. Na mzigo uko kargo, unaondoka leo jioni."

Tulitoka mbio. Kwa Domina, kile cha nane kilikuwa kimebeba sufuria la maharage, na Domina akang'aka: "Kitu umenipa, unanipokonya?" Agripina akanyanyua sufuria, akalitua juu ya kitanda cha watu, akachukua chuma chake. Kargo tulimkuta Zubeir, karani, ameshaliweka boksi kwenye mizani. Agripina alimpokonya na yeye.

Bosi wa Gangding alipoona kadi nane ziko uchi, na vyuma vinane pembeni, kimoja kina mchuzi, aliwaita majirani. Ghorofa nzima ilikuja kucheka. Nilitaka kupigana, nasema kweli. Agripina alisimama tu, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Bosi alipochoka kucheka akasema inabidi asafishe, apake upya ile dawa nyeupe inayokaa katikati ya kadi na chuma, afunge, ajaribu moja moja. Akataja bei ya wizi mtupu.

"Tai gui!" nikaruka mimi.

Agripina akanikanyaga mguu. "Mlipe. Mwambie asiharakishe."

Akatoa hela yake mwenyewe, ya magauni ya Krismasi. Bosi alizipokea noti, akazimulika kwenye taa, akamwangalia Agripina, akazimulika tena.

Tuliporudi kargo jioni ileile, Zubeir akataja uzito, akajiegemeza tayari kwa ugomvi. Agripina akalipa.

"Dada, unaumwa?" Zubeir akauliza.

Hajajibu, simu ikalia. Thomas. Agripina akaiweka spika.

"Agripina, watu wananiambia kadi za magemu zimepanda sana mwaka huu. Niambie ukweli, hela ilitosha?"

Agripina akanitazama. Jicho lile nililijua, lilikuwa linaufunga mdomo wangu na kuufungua kwa wakati mmoja.

"Nani kakudanganya? Msomi wa kompyuta huyu hapa, Chacha, muulize."

"Chacha, eti zimepanda?"

"Hazijapanda, kaka Thomas," nikasema. "Vitu vya kompyuta huwa vinashuka."

"Umesikia?" Agripina akamwambia Thomas, kisha akageukia ukutani, akafuta macho kwa kiganja.

Jumapili iliyofuata niliwekewa nyama mara mbili, na birika lilikaa juu ya gazeti.