Mwanga Uliozidi kwa Asilimia Kumi na Nne

Saa moja na dakika kumi na tatu asubuhi, kompyuta yangu ilitangaza kwamba nimeumba mwanga.

Kazi ilikuwa ya mteja wa ng'ambo niliyempata mtandaoni. Alikuwa na kioo chenye mifereji myembamba kuliko unywele, iliyopangwa kwa safu zinazojirudia, na alitaka kujua mwanga ukikipiga kwa mshazari, kiasi gani kinarudi na kiasi gani kinapita. Malipo yalikuwa shilingi elfu kumi na nane, mwisho saa sita mchana.

Fizikia hii nilijifundisha mwenyewe baada ya kuacha kuuza vipuri. Kioo kizima huwezi kukipigia hesabu. Unakata mfereji mmoja, unaugawa katika vijisanduku, kisha unaiambia kompyuta kwamba ukingo wa kulia umeungana na wa kushoto, kana kwamba safu haikomi. Mwishoni unajumlisha mwanga uliorudi na uliopita. Kwa kioo kisichonyonya mwanga, lazima upate moja kamili.

Nilipata moja nukta moja nne.

Nilivifanya vijisanduku kuwa vidogo zaidi. Namba ileile. Nikapangusa vumbi kwenye skrini, hatua isiyo na msingi wowote wa kisayansi.

Mke wangu alikuwa barazani akisuka kiondo. Simu yake iliita: dereva wa pikapu, yuko mjini Malili, anauliza kama apakie tanki letu la maji. Mvua iliyopita yote ilikuwa imemwagika bure kutoka kwenye mabati yetu.

"Pakia," alimwambia.

"Mama, pesa bado!" nilipaza sauti kutoka ndani.

"Si uliniambia iko kwa kompyuta?"

"Kompyuta inasema mwanga unaotoka ni mwingi kuliko ulioingia."

"Basi huo ni muujiza, Baba. Jumapili usimame utoe ushuhuda."

Kufika saa nne alikuwa amechoka kunisikia nikiguna. Akaingia na kiondo chake mkononi. Nilimweleza tatizo nikitumia kiondo hichohicho, kwa dharau kidogo: mchoro mmoja unajirudia, unazunguka, mwisho unashika mwanzo.

"Na huo mwanga wako unaingia wima ama umelala?"

"Umelala."

"Sasa mbona unaunga kingo sawasawa?" Akanionyesha mstari mwekundu uliopanda kiondo kwa mshazari. "Huu, kila mchoro ukiisha, unaofuata unaanza uzi mmoja juu. Nikiunga sawasawa unavunjika hapa, na mnunuzi anaona. Ulisomea wapi, mwalimu?"

Nililivuta daftari langu. Mwanga wa mshazari haufiki kwenye mifereji yote kwa wakati mmoja. Kila mfereji huupokea ukiwa umechelewa kidogo kuliko jirani yake. Uchelewaji huo nilikuwa nimeuandika daftarini mwezi uliotangulia na kuupigia mstari mara mbili. Kwenye ukingo sikuuweka.

Niliongeza mstari mmoja wa programu. Moja nukta sifuri sifuri sifuri. Nikarudia kwa vijisanduku vidogo zaidi, namba haikusogea. Nilituma jibu saa tano na dakika arobaini na nane.

Malipo yaliingia dereva akiwa getini, injini inanguruma, akiuliza kama ashushe tanki au arudi nalo. Tanki na usafiri vilikula elfu kumi na tano na mia tano. Mke wangu akanyoosha mkono, akataka elfu mbili.

"Za nini?"

"Karo ya somo la leo. Na nimekupunguzia kwa sababu tunajuana."

Nililipa. Nikabaki na shilingi mia tano.