Mabati Yalihama, Bima Ikabaki Kibondo

Nyumba yangu ya Kibondo niliikatia bima kwa udadisi tu. Wakala wa bima alikuja sokoni kueleza. Watu wakamsikiliza kwa adabu, kisha wakarudi kwenye biashara zao. Mimi niliacha shule mapema, lakini kuuliza sijaacha mpaka leo, kwa hiyo nikamfuata hadi ofisini. Moto ukianzia kwa jirani inakuwaje? Upepo ukiezua paa? Mti ukianguka? Siafu wakivamia? Akanijibu yote isipokuwa la siafu. Nikachagua kinga ya jengo, dhidi ya moto, radi na upepo mkali. Ya vitu vya ndani nikaikataa, maana vitu vyangu vya ndani vilikuwa godoro na redio. Akaja kuipiga picha nyumba pande zote, nami tangu siku hiyo nikawa profesa wa bima kwenye benchi la kahawa.

Kisha Kibondo ikanichosha, kama Kasulu ilivyonichosha kabla yake. Dada yangu, mjane anayelima Makere, akanipa kipande cha ardhi karibu na kwake. Nikafanya kama tunavyofanya sisi tuliolelewa na wazazi waliovuka mpaka wakikimbia. Kuta za tofali mbichi nikawaachia mbuzi. Mabati nikayang'oa, nikayapakia kwenye pikapu. Kwetu mtu akisema amehama na nyumba yake, anasema habari za mabati. Kuta ni udongo, na udongo upo kila mahali. Bima nayo nikahesabu kwamba imepanda pikapu.

Nilipomaliza kuezeka Makere, dada akaleta kwangu magunia yake ya mbegu za maharage, kwa kuwa paa lake la nyasi lilikuwa linavuja. Zilikuwa mbegu za msimu mzima. Zikiharibika, hakuwa na kingine cha kupanda. Akainua macho kutazama kazi yangu.

"Mwana wa mama, mbona misumari michache hivi? Upepo wa mvua za kwanza umeusahau?"

"Dada, hii nyumba ina bima."

"Hiyo bima inashika bati?"

"Bati likiruka, wanalipa."

"Na maharage?"

"Yote yamo humo humo," nikasema, kwa sauti ile ile ya benchi la kahawa.

Upepo ulikuja mchana, na mvua nyuma yake. Nusu ya mabati yaliishia kwenye mihogo ya jirani, na maji yakamiminika moja kwa moja juu ya magunia. Dada alisimama uani ameshika kichwa. Nikamtuliza kwa kumwambia asiguse kitu, kwa sababu wakala atataka kuiona hasara kama ilivyo. Asubuhi nikavaa shati la kanisani, nikapanda gari la Kibondo.

Wakala akafungua zile picha kwenye simu yake.

"Mkuu, nyumba ipi imeezuliwa?"

"Hiyo hiyo. Ila sasa iko Makere."

"Imefikaje Makere?"

"Kwa pikapu."

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Wakala yeye alijikaza. Akanieleza polepole kwamba bima yangu ni ya jengo lile lililopigwa picha, mahali pale pale. Ukilibomoa, ukilihama au ukiliacha tupu, unatoa taarifa kwanza, mkataba unaandikwa upya.

"Na maharage ya dada yangu?"

"Hivyo ni vitu vya ndani, mkuu. Ulivikataa. Uliniambia una redio."

Nilikuwa nimemuuliza hadi siafu. Swali la kuhama, mimi ninayehama kila ninapozoea mahali, halikunijia.

Njia nzima nilitunga maneno ya kumwambia dada. Nilipofika nikamkuta shambani na majirani, wameinama, wanapanda. Mbegu iliyolowa ikilala inaoza, na ardhi ilikuwa imeshiba maji; alikuwa ameyafungua magunia mara tu gari langu lilipoondoka.

"Wamelipa?" akauliza, bila kuinuka.

"Hapana."

"Hata kidogo?" jirani mmoja akadakia. "Si ulisema wewe ndiye mwalimu wao?"

"Mwacheni," dada akasema. "We, shika jembe. Mistari ya kule chini bado."

Nikalima na shati la kanisani.

Maharage yalipoanza kuchipua tukaenda kuyatazama. Upande wa juu yalitoka vizuri. Upande wa chini, zilikopandwa mbegu za mwisho, zilizolala zimelowa kwa amri yangu ya kutogusa kitu, kulikuwa na mapengo ya kulaza ng'ombe. Dada alipita mstari kwa mstari, kisha akasema tutapata ya kula na mbegu ya msimu ujao, lakini ya kuuza hakuna. Nikamwambia mabati yote niliyookota yawe yake, aondokane na paa la nyasi; nitayapandisha mwenyewe kesho.

"Mabati nayachukua," akasema. "Juu atapanda fundi. Wewe kaa chini."