Msiba Niliouficha Mpaka Mtihani wa Piano Upite

Shule niliishia darasa la tatu, lakini muziki wa Wazungu wa zama za Romantiki naujua. Miaka sita nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikimsubiri mjukuu wangu afundishwe piano. Najivuna, na nitajivuna mpaka kaburini: mtoto mweusi peke yake katika darasa lile hapa Guangzhou, na vidole vyake viliwaacha wenzake mbali.

Mama yake, binti yangu, alikuwa amerudi Dar es Salaam kujitibu. Mwalimu alikuwa mama wa Kichina, mkali, nywele fupi kama mswaki. Kichina changu mimi ni cha sokoni Shahe: bei gani, punguza, sitaki. Kwa hiyo maneno yote ya mwalimu mjukuu ndiye aliyenitafsiria.

"Bibi, anasema kabla ya zama hizo muziki ulikuwa wa wafalme na makanisa, umepangwa kama vyombo kabatini. Halafu viwanda vikaja, watu wakajazana mijini, wafanyabiashara wakanunua piano za nyumbani. Ndipo watunzi wakaanza kutoa yaliyowakaa moyoni. Msitu, mwezi, kwao walikotoka, wafu wao."

"Mimi nilidhani ni mahaba tu."

"Mahaba yamo, bibi, usione haya. Lakini kilio ndicho kingi."

"Basi si taarabu hiyo!"

Akacheka, akamwambia mwalimu. Nilipenda alivyocheza. Sauti inaanza chini kama mtu anayenong'ona siri, inapanda mpaka vioo vya madirisha vinatetema. Mkono wa kulia anauchelewesha kidogo, kama mtu anayesita kutoa habari mbaya, kisha anaukimbiza.

Simu ilinikuta Shahe, nimeinama juu ya lundo la suruali za jinzi. Binti yangu amefariki, anazikwa alasiri. Mwenye duka akaniuliza nachukua mzigo au sichukui. Nikachukua. Nikaenda chooni, nikauma mtandio wangu mpaka ukachanika.

Kwetu mtu aliye safarini hapewi habari ya msiba. Huambiwa mgonjwa hajambo, mpaka afike, ale, akae kitako. Ndivyo nilivyofanyiwa mimi alipokufa mama yangu, na nilishukuru. Mtihani wa kuingia shule ya muziki ulikuwa umebakiza wiki saba. Nikaufanya mtihani ule kuwa ndiyo safari yake.

"Mbona mama hapokei simu?"

"Simu yake mbovu."

"Na mjomba?"

"Mjomba wako unamjua, vocha haijawahi kumkaa."

Akacheka. Ewe Mola, akacheka.

Siku moja mwalimu akamsimamisha katikati ya wimbo. Mjukuu akanigeukia.

"Anasema nacheza safi, lakini kikavu. Watu wa muziki huu hawakuficha msiba, waliutoa mbele za watu. Anataka nimfikirie mtu ninayemkumbuka sana." Akavuta kiti chake mbele. "Nitamfikiria mama. Nikimaliza mtihani tunakwenda kumwona, si ndiyo, bibi?"

"Inshallah," nikasema. Jina la Mungu nikalifanya kizibo cha mdomo wangu.

Akacheza. Mwalimu akavua miwani, akafuta macho. Chumba kizima ni mimi tu niliyejua kwamba mtoto anamlilia maiti akidhani anamlilia mgonjwa.

Akafaulu. Nikapika pilau, nikamlisha, nikamkalisha mkekani, ndipo nikasema. Hakupiga ukelele.

"Lini?"

"Arobaini yake imeshapita."

"Siku ile nacheza, ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mjukuu wangu."

"Ukakaa tu, unanisikiliza."

Shule hakwenda. Piano haigusi tena. Nimeomba radhi kwa kulia, nimeomba kwa ukali, nimemtumia mpaka imamu. Hajaniinulia sauti hata mara moja, na afadhali angenitukana.

Ijumaa iliyopita mwalimu alikuja kwetu, huku nyuma ya barabara ya Huanshi, na mfuko wa machungwa. Akakaa mbele yangu, akasema maneno mengi, sauti ikipanda na kushuka, macho yake usoni kwangu. Sijui alikuwa ananigombeza au ananisihi. Mjukuu alikuwa kati yetu, anakunja nguo.

"Anasema nini, mwanangu?"

"Utaambiwa, bibi," akajibu, kwa adabu zote. "Wakati wake ukifika."

Mwalimu akaningoja nimjibu.