Nusu Saa ya Mke Wangu

Mwaka 1969 nilikuwa na miaka minane. Baba alifariki, nikatolewa skuli darasa la pili, nikapewa pakacha la mikate ya boflo nizungushe Mji Mkongwe kabla watu hawajanywa chai. Shida ilianzia hapo. Nilibeba mikate ya watu mpaka nikapata tanuri langu mwenyewe, na hakuna aliyenishika mkono. Nasema haya ili mtu asidhani kuwa anayekwenda kwa mshauri wa ndoa ni legelege.

Kifua kilipoharibika kwa moshi, tanuri na duka la mikate nikamwachia mwanangu, nikakaa nyumbani Bububu. Kukaa kulinichosha kuliko kazi. Mtu aliyezoea kuamrisha wakanda unga hawezi kutazama ukuta kutwa. Nikaanza kuingia jikoni. Nafunua sufuria, naonja mchuzi, natoa kasoro. Mke wangu alinivumilia kutoka Ramadhani moja hadi ya pili, kisha akafunga nguo zake akenda kwa binti yetu anayekaa Chwaka.

"Ntarudi ukipata pa kwenda," aliniambia.

Wazee wakakaa kutusuluhisha, kama ilivyo ada. Kaka yangu upande wangu, mjomba wake upande wake, kahawa na halua. Mimi nikaambiwa nisubiri, yeye akaambiwa asubiri, ikasomwa Fatiha. Akarudi. Mwezi haukwisha, akaondoka tena.

Ndipo binti yetu akataja mshauri wa ndoa na familia, mwenye chumba ghorofani kule mjini. Binti alikuwa ameshauliza bima yake ya kazini, akaambiwa inalipia homa, hailipii ugomvi wa nyumbani.

"Basi ntalipa mie, baba."

"Mie silipiwi," nikamjibu.

Nikenda na kaka yangu na mfuko wa mikate ya moto, kama tunavyokwenda kwenye suluhu. Mke wangu alishafika. Mshauri mwenyewe ni mwanamke, rika la binti yangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Huyu ndiye msimamizi wangu."

"Karibu sana, lakini atatungojea chini. Humu wanazungumza wenyewe wawili."

Kaka akashuka kanuna, na mikate akashuka nayo.

Nikatoa pesa, nikauliza kwa bei ile tatizo litakwisha lini. Akasema hauzi mwisho wa tatizo. Anauza saa moja, na inalipwa kila tunapokuja, tuseme tusiseme. Asiyejiweza humpunguzia.

"Na hukumu?"

"Sitoi hukumu, baba."

Nikaona nimeuziwa gunia tupu. Saa nzima sikufungua mdomo. Mke wangu naye hakusema, maana kwa wazee alizoea kusemewa na mjomba wake.

Mara ya pili nilisema mie tu. Mshauri akitaka kunikatiza, namwambia angoje, saa nimelipa mie. Ikaisha hivyo hivyo. Tunashuka ngazi, mke wangu akacheka kwa hasira.

"Bwana we, umelipa, ukala peke yako."

Mara ya tatu alikuja na pesa zake za kofia anazodarizi. Akaweka nusu ya malipo mezani, nusu ya zangu nilizokwisha kuziweka akanirudishia mkononi.

"Nusu saa hii yangu. Usiniingilie."

Nikamtazama mshauri, nikidhani atamkataza. Akazipokea.

"Miaka yote ulikuwa ukitoka alfajiri," mke wangu akasema. "Asubuhi nyumba ile ilikuwa yangu. Nafungulia redio, nadarizi, majirani wanakuja, tunachekana. Sasa umekaa mlangoni kama askari wa bandarini, wenzangu hawaji. Sikuchukii. Nataka asubuhi yangu."

Nikafungua mdomo.

"Bado wakati wake, baba," mshauri akaniambia.

Nikakaa nahesabu dakika zilizobaki. Nilibeba magunia ya unga ujana wangu wote, sikuwahi kuchoka vile. 

Ilipofika zamu yangu, mshauri akaniuliza asubuhi nikitoka naona nini mbele yangu.

"Sioni kitu. Sina pa kwenda."

Neno lile nililisema mbele ya mtoto wa watu, na pesa nimelipa! Mke wangu akacheka tena, safari hii bila hasira.

"Nenda kamsumbue mwanao."

"Na moshi?"

"Kaa dukani, uko mbali na tanuri. Uza."

"Mie niuze boflo mojamoja, kama mtoto?"

"Kwani ulianza na nini?"

Akarudi nyumbani wiki ile. Mie siku hizi natoka nikishakunywa chai, narudi adhuhuri, na mlangoni kwangu napiga hodi. Majirani zake wananicheka. Kwa mshauri bado tunakwenda kila mwezi, kila mtu na nusu yake, na bado naona ghali.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Tanuri moja, analiendesha mwanangu na hanisikilizi. Kiti kimoja dukani. Minazi sita. Baiskeli mbili, moja haina mnyororo. Nusu saa kwa mwezi, nailipia mwenyewe. Mke mmoja. Na nyumba moja Bububu, yangu kuanzia adhuhuri.