Sabuni Isiyo na Povu Jingi

Nakumbuka siku moja, hapa hapa mtaani kwetu Hewa Bora, nilipoambiwa nimwogeshe mtoto wangu wa kwanza, nikaficha mikono chini ya kitenge. Mwanangu, unacheka, lakini nilikuwa nimeanza kumwogopa mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Mume wangu alifanya kazi mgodini. Salopeti zake, zile nguo za kazi, zilirudi nyeusi kwa grisi, nami nilizifua kwa sabuni niliyoipika mwenyewe, nikijivunia povu lake. Grisi ilitoka kweli. Ngozi yangu nayo ikatoka: viganja vikapasuka, vikawa vinamkwaruza mtoto, naye analia kila nikimgusa. Basi kazi ya kumwogesha nikamwachia mama mkwe, aliyetoka Kasai kuja kunisaidia uzazi. Siku hiyo aliniambia nimwogeshe mimi, kwa kuwa kesho yake alikuwa anarudi kwake.

"Leta mikono, mwana yangu," akaniambia. Nikaitoa. Akavigeuza viganja juu, akapapasa nyufa.

"Sabuni yako iko muzuri ya kufula salopeti. Haiko ya mutoto, na haiko ya mama yake."

Akaleta kipande cha sabuni yake ya mawese, ambacho tangu afike nilikuwa nakidharau kwa sababu povu lake lilikuwa jembamba. Nikamuuliza kama kweli kinasafisha.

"Povu haiko usafi."

Akanieleza polepole. Soda kali ya kupikia sabuni ikizidi mafuta, ile inayobaki inakuja kula ngozi yako. Yeye alizidisha mawese kidogo, kisha akaiacha sabuni majuma mengi ikauke na ukali upungue. Mimi yangu naikata leo, kesho nafulia. Haraka za bibi harusi hizo.

"Kesho shiende," akasema, na kweli hakusafiri. Salopeti akazifua yeye, mimi nikatumia sabuni yake mpaka nyufa zikafunga. Asubuhi moja akaniwekea mtoto mikononi, akatoka, akavuta mlango. Mtoto alinitazama, akapiga miayo. Aliyelia ni mimi.

Kwa hiyo, mwanangu, usichague sabuni kwa povu. Ya grisi ibaki ya grisi. Ya mwili iwe na mafuta ya ziada, na ipewe muda wa kutulia kabla haijamgusa mtu. Na ukimwona mama anamkwepa mtoto wake, usimhukumu. Kaa naye siku chache zaidi. Mungu akujalie watoto wanaosinzia ukiwa bado unawaogesha.