Punje Zilizokataa Kugeuka Kijani

Kitu cha kwanza alichokiona Emmanuella kilikuwa kidogo sana: punje hazikubadilika rangi.

Ndiyo maana hata leo, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla mashine ya kukoboa mpunga haijawashwa, amepiga magoti mbele ya chupa nene ya kioo iliyofungwa kwenye bomba la gesi. Anaisogelea mpaka pumzi yake inatia ukungu kwenye kioo. Ndani mna punje za rangi ya machungwa, ukubwa wa mbegu za papai. Zikinywa maji, hugeuka kijani. Leo za chini zimeanza kugeuka.

"Zikigeuka ninalala vizuri," anamwambia mwandishi wa makala haya kwa sauti ya chini. "Zisipogeuka, ndipo ninaogopa."

Emmanuella ana miaka ishirini na mitatu. Shule aliiacha darasa la tano. Kwa miaka miwili sasa kazi yake ni kuchuja na kukausha gesi katika kinu kimoja cha mpunga pembeni mwa mji wa Kasongo, mashariki mwa Kongo.

Gesi hiyo hutengenezwa hapo hapo, kwa mavi ya ng'ombe na maganda ya muhogo yaliyofungiwa shimoni. Nyingi huenda moja kwa moja kwenye injini. Kiasi kidogo hupita kwanza mikononi mwake, kwa sababu ndicho kinachoendesha vipimo pamoja na vali ya usalama, ile inayojifunga yenyewe presha ikipanda. Tundu la vali hiyo ni jembamba kama la sindano. Tone moja la maji linatosha kuikwamisha.

Kila asubuhi hufungua koki ya chini na kumwaga maji yaliyojikusanya, kisha hukung'uta kichujio. Punje zikishakuwa kijani, huzitoa na kuzikaanga kwa moto mdogo dakika arobaini, mpaka rangi ya machungwa irudi.

"Kama karanga," anacheka Ruphin, fundi mkuu, ambaye pale kinuni huitwa chef. "Ila hizi hata chumvi haisaidii."

Mwezi wa tatu mwaka huu, mvua ikinyesha kila siku, punje zilikaa siku tisa bila kugeuka. Ruphin alifurahi. "Unaona? Za safari hii iko kali!"

Emmanuella aliitazama chupa. Nyumbani kwao hata chumvi ilikuwa imeloa ndani ya kopo. Iweje chupa peke yake ibaki kavu? Alitaka kuuliza, lakini pale kinuni wamezoea kumwita Bubu, na mtu aliyeachia darasa la tano atamwambia nini fundi mwenye diploma?

Siku ya kumi vali ilikwama ikiwa wazi. Presha ilipanda, gesi ikavuja, moto ukalipuka karibu na injini na kuunguza nyusi za Ruphin. Kinu kilisimama siku mbili. Vali ilipofunguliwa, ilikutwa imejaa maji.

Kuanzia hapo hakuna aliyemwamini mwenzake. Wafanyakazi walianza kufunga hata vyakula vyao kwa kufuli. Maneno mengi, hata hivyo, yalimwangukia Ayoubu, mzee wa miaka hamsini na minane aliyekuwa akitunza stoo. Wiki ambayo punje zilikaangwa kwa mara ya mwisho kabla ya moto huo, yeye alikuwa Kabambare kwenye mazishi ya dada yake, na ufunguo wa stoo alikuwa nao.

"Mutu anaenda matanga na ufunguo mufukoni?" Ruphin anauliza mpaka leo. "Aliuza punje nzuri, akatuletea za kupaka rangi. Nilizishika mwenyewe. Zinateleza."

Ayoubu amenyang'anywa ufunguo na kuwekwa getini. Jumatatu mwenye kinu, ambaye wote humwita patron, atakata shauri kama abaki au aende. "Nikienda kuswali kuna mutu nyuma yangu," anasema. "Kama ni kuswali anataka, basi atawadhe."

Je, Emmanuella naye alimshuku? "Saa za kwanza, ndiyo. Sikumusalimia." Kisha anasimama bila kuaga, anavuka uwanja wa kuanikia mpunga, anaelekea getini. Mwandishi anamfuata.

"Papa Ayoubu."

"Eeh, Bubu wetu! Leo mvua itanyesha mawe."

"Papa, ile wiki ulipokwenda Kabambare, kikaango cha kazi kilikuwa ndani ya stoo. Niliona haya kukupigia simu, na wewe uko kwenye kilio. Nikachukua kikaango cha mama, kile cha kukaangia ndizi. Nilikisugua kwa majivu. Lakini mawese yalikuwa yameingia ndani ya chuma."

Ayoubu haelewi. Emmanuella anaeleza, mara hii bila kukwama: punje zilipakwa mafuta kikaangoni, zikashindwa kunywa maji, na wekundu wa mawese ukazifanya zionekane kavu siku zote. Hakuna aliyeuza kitu. Hakuna aliyepaka rangi.

"Jumatatu nitasema mbele ya patron na chef Ruphin," anasema. "Wakinifukuza, wanifukuze. Wakiniacha, nitaomba kikaango cha kazi kikae kwangu, na darasa la tano nilimalize kwa masomo ya jioni."

Mzee anavua kofia yake, anaikunja, anaikunjua.

"Mwanangu, hiyo kitu uliijua lini?"

Wapakiaji wawili wamesimama na magunia yao kusikiliza. Emmanuella anawaona, na kwa mara ya kwanza hashushi sauti.

"Siku ile ile vali ilipokwama. Nilinusa punje, nikajua harufu ya jikoni kwetu. Wewe ulikuwa unanyang'anywa ufunguo, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mulango. Niliona. Nikanyamaza."